Guka Alipokuwa Ndani ya Injini

Ijumaa walikuja kuichukua pikapu. Waliivuta kwa mnyororo mpaka juu ya lori la vyuma chakavu, ikapanda kinyumenyume, taa zake zikitutazama, na Baba akaingia ndani kunywa chai kana kwamba lori hilo lilikuja kwa jirani. Mimi nilipewa ufagio nikafagie banda lililobaki wazi. Nilipofika pembe ya ndani, pale penye doa jeusi la oili ambalo halitatoka kamwe, harufu ilinipanda puani: petroli ya zamani na, chini yake, kwa mbali, dawa ya kupulizia kahawa. Nikasimama na ufagio wangu. Mdogo wangu, ambaye alikuwa amenuna tangu asubuhi kwa sababu hakuulizwa maoni yake kuhusu pikapu, alinikuta hapo.

"Kwani unalia?"

Nikamwambia ni vumbi. Mimi si mtu wa kutoa mambo yangu kwa mdomo. Shuleni waliniita Kabati, na sikukataa. Kwa hivyo naandika.

Kwetu ni kwenye kilima kimoja kati ya Othaya na Gakindu, mahali ambapo kila shamba limeinama na hata ng'ombe wanalala kwa mshazari. Barabara yetu ya udongo inashuka mpaka mtoni, inavuka daraja, halafu inapanda upande wa pili mpaka kwenye lami. Hakuna njia nyingine ya gari. Anayeenda shule ya bweni, anayepeleka kahawa, anayeumwa, anayeletwa kuzikwa, wote wanapita kwenye daraja hilo moja.

Pikapu ilikuwa ya Guka, babake Baba. Aliinunua mwaka ambao kahawa ililipa, na tangu hapo hakuna mwingine aliyekalia kiti cha dereva. Baba, mtu mzima mwenye ndevu, alipanda nyuma pamoja na magunia. Kila asubuhi Guka alitoka na kikombe chake cha uji, akaweka mkono juu ya boneti na kuuliza, "Umelalaje?" Kisha aliiwasha na kuiacha ingurume polepole hapo bandani mpaka uji uishe. Huo mngurumo ndio ulioniamsha utoto wangu wote. Ulikuwa kama mzee anayepumua usingizini, pumzi nzito, zinazofuatana, zisizo na haraka. Katika akili yangu pumzi za Guka na za gari zilikuwa kitu kimoja, na hakuna aliyewahi kunieleza vingine.

Guka aliugua kidogo tu, kisha akaenda. Cucu, mke wa Guka, alikataa gari la kukodi. "Huyu hakuwahi kubebwa na gari ya mtu," alisema, "na hataanza leo." Asubuhi ya mazishi vijana walileta petroli kwa mitungi, wakaimimina kwenye tangi wakiwa na haraka, na Baba akaketi kwenye kile kiti kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nakumbuka alikisogeza mbele, kisha akakirudisha pale pale kilipokuwa, kama mtu aliyekosea nyumba.

Walipotoka mochari kila kitu kilikuwa sawa mpaka darajani. Wanakwaya walikuwa wameshuka mpaka hapo kumpokea Guka, wamejipanga pande zote mbili wakiimba. Baba akapunguza mwendo, akasimama, na injini ikazima. Haikukohoa hata. Ilinyamaza tu. Kwaya nayo ikanyamaza katikati ya ubeti, na tukabaki na sauti ya mto. Baba akaiwasha tena, ikashika, akaondoa mguu kwenye mafuta, ikazima. Mwishowe wanaume walivua makoti, wakaisukuma, Guka akiwa ndani, mpaka nyumbani. Nilitembea nyuma yao nikiangalia visigino vikizama kwenye udongo mwekundu, na nikamsikia mmoja akisema chini kwa chini, "Mzee hataki kuendeshwa."

Mwenzake akamjibu, "Sukuma. Utaongea tukifika."

Sasa niseme habari ya Mama, kwa sababu kila kitu kilimhusu yeye. Wakati huo tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana. Mimi nilikuwa mtoto wao wa pekee, si kwa kupenda. Baada yangu walikuja wawili na hawakukaa. Uchungu wa yule wa pili ulimkuta Mama nyumbani, mvua imekata barabara, na alipofikishwa hospitali walikuwa wamechelewa. Daktari alimwambia safari hii uchungu ukianza tu aje, asingoje hata chai ichemke. Na mtoto akiwa mvulana, kwa vile angekuwa mwana wa kwanza, angepewa jina la babake Baba, kama ilivyo kwetu. Mimi nina jina la Cucu, ndiyo maana Baba aliniita maitu, yaani mama yangu, hata akiwa ananikaripia.

Siku chache baada ya mazishi Cucu aliweka mkono juu ya tumbo la Mama jikoni na kusema, "Atarudi."  Aligeukia moto akasukuma kuni.

Nilimwuliza binamu yangu Kamau, aliyekuwa darasa la saba na aliyejua kila kitu, Cucu alimaanisha nini. Kamau alikuwa akiponda vizibo vya soda kwa jiwe viwe magurudumu. Hakuinua kichwa.

"Si anamaanisha Guka atarudi akiwa hiyo mtoto. Lakini hawezi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu bado ako kwa gari. Hukuona ikizima kwa daraja? Amekaa hapo ndani. Mtu hawezi kuwa pahali pawili."

"Na asipotoka?"

Kamau akapuliza vumbi kwenye gurudumu lake. "Hiyo sasa muulize mama yako."

Sikumwuliza. Nilikuwa nimeshaona jinsi Mama alivyokuwa akikaa kitandani mchana, mikono juu ya tumbo, akisikiliza. Nilifikiri naye anajua.

Pikapu haikupona. Ikiwa mbioni iliimba kama zamani, hata na mzigo, hata ikipanda. Lakini Baba akiinua tu mguu, pumzi zilianza kurukana, moja, nyingine haiji, mwili wa gari unatetemeka, halafu kimya. Baba alibadilika tabia kwa sababu ya huo ugonjwa. Aliegesha kwenye mteremko tu, ikiangalia chini. Sokoni hakushuka, alinunua nyanya kupitia dirishani mguu ukiwa kwenye mafuta, injini ikipiga kelele, na akina mama wakimwambia, "Kwani umeiba hizi nyanya unatoroka nazo?" Watu walicheka. Mimi nikiwa kando yake niliangalia mbele na kuomba asichoke mguu.

Fundi wetu aliitwa Ndirangu, kutoka Gakindu, mtu mrefu mwenye suruali fupi. Alikuja mara ya kwanza na sanduku lake la spana, akafungua boneti, akasimama mikono kiunoni.

"Ukiikanyagia?"

"Inaimba," Baba akasema.

"Ukiachilia?"

"Inaenda."

"Inaenda wapi?"

"Inakufa, Ndirangu. Usinifanye niseme mara mbili."

Ndirangu alikaza skrubu moja ndogo kwenye kabureta ili injini iwe inapewa mafuta zaidi kidogo hata bila kukanyagwa. Ikanguruma kwa nguvu, sote tukatazamana, halafu ikazima. Akatoa plagi, akazipangusa kwa shati lake, akazirudisha. Akaangalia mipira yote isiwe imepasuka mahali inavuta hewa. Kwa kazi hiyo alichukua kipande cha mpira wa maji, akaweka ncha moja sikioni, na ile nyingine akaipitisha juu ya injini taratibu, macho yamefungwa. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimemsindikiza Mama kliniki na kumwona muuguzi akiinama juu ya tumbo lake na kile kijibomba chao, macho yamefungwa vivyo hivyo. Nywele zilinisimama. Kwa kawaida singemwongelesha mtu mkubwa, lakini maneno yalitoka.

"Unasikia mtu?"

Ndirangu alifungua jicho moja. "Nasikia njaa. Mama yako amepika nini?"

Safari ya pili aliipeleka kwake, akafungua kabureta yote, akaiosha na kuipuliza. Ikarudi ikipumua vizuri kabisa. Mama alitabasamu siku hiyo. Nakumbuka kwa sababu haikuwa kawaida. Ikakaa sawa siku mbili. Siku ya tatu Baba alibeba kahawa mpaka faktori, barabara yenye mashimo njia nzima, na akiwa kwenye foleni ya kupima ikamfia tena mbele ya watu wote. Ndirangu alipoitwa tena alizunguka gari mara moja, kisha akasema, "Mwenyeji, hii gari iko na mtu."

Alikuwa anatania. Lakini Cucu alikuwa kwenye mlango wa jikoni akichambua maharagwe, na mikono yake ilisimama. Jumapili hiyo akina mama wa kanisa walikuja na leso zao, wakaizunguka pikapu, wakaweka mikono juu ya boneti na kuomba kwa muda mrefu. Mmoja alilia. Baba alijificha kwenye migomba mpaka walipomaliza. Jioni aliiwasha, na nikamwona Cucu akingoja dirishani huku amejifunika mdomo kwa leso. Ilinguruma, ikatetemeka, ikazima. Cucu akafunga pazia.

Halafu mvua ndefu ikaanza. Kutoka kwetu ungesikia mto bila kuuona. Mama aliacha kupanda pikapu hata kwenda kanisani. Alifungasha begi lake la hospitali mapema mno, akaliweka nyuma ya mlango, na kila nilipopita nililiona. Siku moja nikiwa nimejilaza kwenye gunia la majani ya ng'ombe nje ya jikoni niliwasikia.

"Nipeleke nikakae kwa dada yako Murang'a mpaka wakati ufike," Mama alisema.

"Murang'a utapelekwa na nini? Si ni gari hiyo hiyo?"

"Basi niambie. Ikizima kwa daraja, mvua inanyesha, mimi niko hivyo. Utanisukuma na nani? Na mama yako? Na huyo mtoto?"

 Nilisikia kikombe kikiwekwa mezani polepole sana.

Kuanzia hapo nilianza kwenda bandani peke yangu kila nikitoka shule. Nilisimama mbele ya pikapu, nikaweka mkono juu ya boneti kama alivyofanya Guka, na kumwomba atoke. Nilimwambia Mama amechoka. Nilimwambia kiti chake hakuna aliyekisogeza. Injini ilikuwa baridi, na matone ya mvua kwenye mabati yalinifanya niamini kwamba ananijibu, na kwamba jibu lake ni hapana.

Jumamosi moja jua lilitoka kidogo, na Ndirangu akaja na sanduku lake. Baba alikataa gari liondoke nyumbani, maana tumbo la Mama lilikuwa limeshuka. Kwa hivyo kabureta ilifunguliwa hapo hapo kwetu. Ndirangu alihitaji chombo cha kumwagia kilichomo ndani, akaangalia huku na huku, akanyoosha mkono kwenye kichanja cha vyombo na kuchukua sahani nyeupe ya Mama, ya bati, yenye ukingo wa bluu. Akamimina petroli ya kabureta humo, akaiweka juani. Halafu chakula kikaiva, wakaenda kula.

Mama ndiye aliyeiona. Alikuwa akizunguka kuokota vyombo, mkono mmoja kiunoni. Petroli ilikuwa imekauka.

"Nani amekorogea dawa ya kahawa kwa sahani yangu?"

 Akaja mpaka mezani na kuiweka mbele ya Baba. Ndani ya ile sahani nyeupe palikuwa na utando wa unga laini, wa rangi ya bluu iliyofifia.

"Hiyo ni uchafu ya kabureta," Ndirangu akasema na mdomo umejaa. "Hata ile siku nyingine nilitoa mingi."

"Ilikuwa na rangi gani?"

"Nilimwaga kwa karai ya oili. Uchafu ni uchafu, mama."

Mama alichota kidogo kwa kidole, akakisugua na kingine, akanusa. "Hii ni kopa. Hii dawa ya bluu nimepuliza kwa kahawa mpaka kucha zangu zikakuwa hivi. Mniambie mimi siijui?"

Ndirangu aliacha kutafuna. Alichukua sahani, akaisogeza karibu na macho, kisha akatoka bila kunawa, akarudi na kipande cha shaba kidogo kuliko kifungo cha shati. Akakiinua juani ili Baba aone tundu lililopita katikati. Halikupitisha mwanga.

"Ona. Gari ikikimbia inanyonya mafuta kwa tundu kubwa, uchafu unapita tu. Ikisimama inapumua kwa hii. Hii ni tundu ya sindano. Unga kidogo tu, imefunga. Nikiosha inafunguka, ukipita kwa mashimo tangi inakorogeka, inafunga tena. Kwani chujio ya mafuta iko wapi?"

"Mzee aliitoa kitambo," Baba akasema. "Alisema gari yake hainywi uchafu."

Baba akainuka akaenda stoo ya kahawa, mimi nyuma yake. Kati ya mitungi ya plastiki alitafuta mmoja, ule wa njano uliochomwa alama ya msumari kwenye mkono. Akaufungua. Harufu mbili zilitoka pamoja, petroli na dawa. Ndani, chini, palikuwa na gamba la bluu limebanduka nusu. Vijana wa siku ya mazishi walikuwa wameuchukua bila kuuliza, wakausuuza kwa maji kidogo labda, wakaenda nao Othaya. Baba aliketi juu ya gunia na mtungi magotini.

Cucu alikuja akasimama mlangoni. Aliangalia ile alama ya msumari kwa muda.

"Huo ni wake," alisema. "Ndio alichanganya nao mara ya mwisho. Nilimwambia aoshe, akasema kesho."

Kisha akaanza kucheka, taratibu, mabega yakitikisika, akijishika kwenye mwimo wa mlango. "Kwa hivyo alikuwa ndani kweli. Na mimi nikalisha wale wamama wote chai."

Baba naye akacheka, kisha Mama kule nje, kisha Ndirangu, ambaye alicheka zaidi ya wote kwa sababu alikuwa ameona aibu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi nyumba yetu icheke. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu, kutoka kwa Cucu mwenyewe, kwamba Kamau alisema kweli.

Mchana wote walifanya kazi. Waliteremsha tangi, wakamwaga uji wa bluu nyuma ya banda, pale ambapo mpaka leo majani hayaoti. Walitia kipande cha mnyororo ndani pamoja na petroli safi wakalitikisa, mmoja huku mwingine kule, likilia kama kengele iliyopasuka. Wakapuliza mirija, wakafunga chujio jipya. Ndirangu alifungua lile tundu dogo kwa uzi mmoja wa waya, akaliangalia juani tena na tena.

"Tumetoa ile tunaona," alimwambia Baba akikaza skrubu ya mwisho. "Ile imeshika kwa pembe za tangi, hiyo sikuapii."

Baba akaiwasha. Akaondoa mguu. Pikapu ikabaki ikinguruma, pumzi nzito, zinazofuatana, zisizo na haraka, sawa kabisa na asubuhi zile za uji. Mama akafunga macho. Cucu akasema asante kwa Mungu. Mimi nilienda nyuma ya nyumba nikatapika, kwa sababu ile ilikuwa sauti ya Guka, na mtu anayepumua hivyo ni mtu aliyelala raha mahali pake. Hana mpango wa kutoka.

Uchungu ulimshika Mama asubuhi ya siku ya mvua, shule zikiwa zimefungwa. Alitoka chumbani amebeba begi mwenyewe. Baba aliendesha, Mama akaketi karibu na mlango, Cucu katikati, mimi nikapakatwa na Cucu kwa kuwa hapakuwa na wa kuniachia. Vioo vilijaa ukungu. Kila baada ya muda Mama alishika mpini wa mlango mpaka vidole vikawa vyeupe, na Baba alianza kusema kitu, kisha akaacha.

Tulipokunja kona ya mwisho tukaona trekta. Lilikuwa limevuka daraja kutoka upande wa pili na kukwama mwanzo wa kupanda, likivuta trela la kuni, magurudumu yakizunguka kwenye matope, wanaume wawili wakitupa mawe chini yake. Njia yote ilikuwa imezibwa. Ilibidi tusimame palepale, kwenye mteremko, tukiuangalia mto chini yetu. Breki ya mkono ya pikapu ilikuwa imekufa zamani za Guka. Mguu wa kushoto wa Baba ulikuwa kwenye klachi, na wa kulia ulihitajika kwenye breki. Hakuna wa kukanyaga mafuta. Injini iliachwa peke yake.

 Mama alibana pumzi, sikujua kwa uchungu au kwa kusikiliza. Pumzi, pumzi, pumzi. Kisha moja ikaruka. Mwili wa gari ukatetemeka, vioo vikagongana kwenye fremu, na nikasikia ulimi wa Cucu ukigonga juu ya kinywa chake. Yeye ambaye alikuwa amecheka alinyoosha mkono akaushikilia kwenye dashibodi, kama anayemzuia mtu kuamka.

Hapo ndipo nilipoelewa shida yangu, na nadhani sijawahi kuogopa hivyo tena. Guka akishuka hapa, gari litazima, na Mama hatafika. Asiposhuka, mtoto hatakuja. Niliinamisha kichwa kwenye kitambaa cha Cucu ili asione mdomo wangu, nikamnong'oneza: Ngoja tufike. Guka, tafadhali, ngoja tufike, halafu ushuke.

Pumzi iliyofuata ikaja. Na nyingine. Zikarudi kwenye mstari wake. Trekta likapata meno, likaruka juu ya mawe likatupisha, dereva wake akatupungia mkono kama tuko matembezini, na Baba akaachilia breki. Tulivuka daraja maji yakiwa karibu kugusa mbao. 

Hospitali ya Othaya walimpokea Mama na kiti cha magurudumu, Cucu akimfuata na begi. Baba aliegesha kando ya ukuta bila kuzima injini. Hakuthubutu, hakujua kama tutatakiwa kwenda mbali zaidi, na hakutaka kujaribu kuiwasha tena siku kama hiyo.

"Maitu, kaa hapa. Usiguse kitu. Ikibadilisha sauti ukuje unitafute."

Nilikaa kwenye kiti chake, mikono chini ya mapaja. Mvua ilipiga paa. Usukani ulitetemeka kidogo, ukilingana na pumzi za injini, na ile harufu ilikuwa bado ipo. Askari wa lango alikuja na mwavuli, akainama dirishani.

"Wee mtoto, mwambie baba yako petroli hainyeshi na mvua."

Nikatikisa kichwa. Akaniangalia vizuri, akaacha kutania, akaenda zake. Nilijua sasa tumefika. Nilijua nimemwambia ashuke tukifika. Lakini injini iliendelea, nzito, bila haraka, na kadiri ilivyoendelea ndivyo nilivyojua kwamba kule ndani hakuna kinachokuja.

Baba alitoka kwenye ule mlango mrefu bila kofia. Hakukimbia. Alitembea kwenye mvua kama mtu asiyejua kama inanyesha. Akafika, akaingiza mkono dirishani kupita mbele ya uso wangu, akazungusha ufunguo.

Kimya.

Tangu mazishi sikuwa nimemwona mtu akiizima ile gari kwa mkono wake. Ilikuwa inajifia tu. Kwangu mimi injini ikinyamaza kuna mtu amekwenda, na nilipiga kelele mpaka askari akageuka langoni. Nililia nikimvuta Baba shati, sikuweza hata kuuliza.

"Sasa unalia nini?" alisema.  "Nimezima kwa sababu hatuendi mahali. Mama yako analala hapa leo. Ako sawa. Maitu, sikia. Ako sawa."

"Na mtoto?"

Baba alijipangusa uso kwa kiganja, mvua na yote. Akacheka kidogo, kama anayejaribu kuona kama bado anaweza.

"Guka amefika," alisema. "Na ako na mapafu, huyo. Twende, utamsikia kabla hujafika kwa mlango."

Akanifungulia. Alitangulia, mimi nikabaki nyuma kidogo. Nilizunguka mbele ya pikapu, ambapo mvua ilikuwa ikigeuka moshi juu ya bati, na nikaweka mkono wangu kwenye boneti. Ilikuwa bado ina joto. Nilisikiliza kwa makini. Hapakuwa na mtu.